Nimeombwa kutoa ushuhuda mbele ya kamati kuhusu elimu jumuishi: niende, na niseme nini?

SWALI: "Nafundisha darasa la nne, wanafunzi 52. Mwaka jana nililetewa mtoto mwenye uoni hafifu bila maelezo yoyote. Kwa miezi kadhaa alikuwa haandiki kitu, nikadhani masomo yamemshinda. Baadaye niligundua kwamba haoni ubaoni. Nikaanza kusoma kwa sauti kila ninachoandika, nikamwandalia maandishi yaliyokuzwa, nikamhamisha kutoka dirishani kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza. Sasa anakwenda sambamba na wenzake. Umoja wa wazazi wa watoto wenye ulemavu umeniomba nikatoe ushuhuda mbele ya kamati ya wawakilishi inayojadili bajeti ya elimu maalumu. Nimepewa dakika 3. Mwalimu mkuu ameniambia niangalie nisije nikaharibu kazi yangu. Rafiki yangu anayefundisha shule ya viziwi naye amekasirika, anasema sisi tunaotetea elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzao, tunataka shule zao zifungwe. Na mimi sikusomea elimu maalumu, ni mwalimu wa kawaida tu. Nikiulizwa takwimu nitajibu nini? Halafu kuna mtoto mwenyewe: nimtaje? Mama yake anasema niende naye wamwone. Naogopa pia kwamba nitalia mbele za watu. Niende au niache?"

JIBU:

Mwalimu, nenda. Ila usiende na mtoto, na usiende peke yako kama kuna namna ya kuepuka hilo. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine, maana katika swali lako kuna hofu tatu zilizofungwa fundo moja: hofu ya kazi yako, hofu ya kumdhalilisha mtoto, na hofu ya kuonekana hujui. Kila moja ina dawa yake. Ukizichanganya, utaishia kutoa maneno ya jumla ambayo hayamuudhi mtu na hayamsaidii mtu.

Nianze na hiyo ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Unadhani kamati inakutaka kwa ajili ya takwimu. Takwimu wanazo. Wizara imewaletea, watu wa bajeti wamewaletea, mashirika nayo yamewaletea vitabu vizima. Wasichokuwa nacho mezani pale ni maelezo ya kinachotokea darasani kati ya mwalimu kumaliza kuandika ubaoni na mtoto kushika kalamu. Ofisa wa wizara anaweza kueleza ni wanafunzi wangapi wenye uoni hafifu wameandikishwa. Hawezi kueleza kwamba mmoja wao alikaa miezi kadhaa bila kuandika neno, na muda wote huo kwenye taarifa za shule akahesabiwa kuwa mafanikio ya uandikishaji. Wewe unaweza, na kwa jambo hilo huna mpinzani chumbani mle, hata kama ana shahada tatu.

Ni vizuri pia ujue kamati inavyofanya kazi, maana walimu wengi huandaa hotuba kwa ajili ya wajumbe waliokaa mbele yao na kumsahau mtu muhimu kuliko wote. Wajumbe husikiliza watu wengi kwa siku moja, kila mmoja dakika chache. Jioni ikifika wanakumbuka machache. Anayeandika ni katibu wa kamati. Vikao vikiisha, yeye na wenzake wa sekretarieti ndio huandaa rasimu ya taarifa: nani alifika, alisema nini, alipendekeza nini. Kinachoingia humo ni kile kinachoweza kuandikwa kwa sentensi moja au mbili bila kupotea maana. "Walimu walilalamikia mazingira magumu ya kazi" ni sentensi inayoandikwa na kusahaulika. Lakini "mwalimu wa darasa la nne alieleza kwamba mwanafunzi mwenye uoni hafifu alisoma miezi kadhaa bila kupimwa na bila mwalimu kupewa maelekezo, akapendekeza upimaji ufanyike kabla ya muhula wa kwanza kuisha" ni sentensi ambayo mtu wa bajeti anaweza kuiwekea gharama na mjumbe anaweza kuisoma kwa sauti akihoji wizara. Kwa hiyo unapokaa kuandika, mfikirie katibu. Mwandalie sentensi hiyo, uiweke mwanzoni na uirudie mwishoni.

Dakika 3, ukisoma kwa utulivu, ni maneno 300 hivi au pungufu. Hebu tazama namna mbili za kuyatumia. Ya kwanza ndiyo inayotujia kirahisi: "Waheshimiwa wajumbe, ninaye mtoto anayeteseka sana na macho. Inauma kumwona. Lakini pamoja na ulemavu wake, ana bidii ya ajabu, na sisi walimu tunajitolea kwa moyo wote ijapokuwa hatuna vifaa. Tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma." Utapigiwa makofi. Pengine mjumbe mmoja ataahidi miwani. Lakini angalia kilichotokea: tatizo limewekwa ndani ya macho ya mtoto, na kamati haina kura yoyote juu ya macho ya mtu. Umewaomba huruma, na huruma hulipwa kwa sadaka, si kwa fungu la bajeti.

Namna ya pili: "Waheshimiwa wajumbe, nafundisha darasa lenye wanafunzi 52. Nilipokea mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Hakuja na karatasi yoyote, na hakuna mtu aliyenieleza lolote. Kwa miezi kadhaa niliandika ubaoni naye hakuandika kitu, nikaamini kwamba hawezi. Kisha nilifanya mambo matatu. Nilisoma kwa sauti kila nilichoandika. Nilimpa maandishi yaliyokuzwa. Nilimtoa dirishani. Leo anafanya kazi zile zile wanazofanya wenzake. Macho yake hayajabadilika. Kilichobadilika ni darasa langu. Mambo hayo matatu niliyabahatisha. Mwalimu wa elimu maalumu angepita shuleni kwetu mara moja tu katika muhula wa kwanza, angeniambia yote hayo kwa nusu saa. Naomba bajeti hii itenge fedha za walimu wa kuzunguka, ili kila shule yenye mwanafunzi mwenye ulemavu ifikiwe kabla ya muhula wa kwanza kuisha."

Hapo kizuizi kimetajwa, kilichokiondoa kimetajwa, na aliye na uwezo wa kukiondoa kwa watoto wengine ameketi mbele yako. Usiifute ile sentensi ya "nikaamini kwamba hawezi". Najua inakuchoma. Ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha mfumo unavyomgeuza hata mwalimu mwenye nia njema kuwa sehemu ya kizuizi.

Huo mpangilio umesimama juu ya sheria, na hapo ndipo utakapojibu ukiulizwa umepata wapi mamlaka ya kusema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na ibara yake ya 24 inazungumzia elimu. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi wa ibara hiyo na kutenganisha hali nne: mtoto kunyimwa shule kabisa, mtoto kutengewa shule au darasa lake, mtoto kuingizwa darasa la kawaida akitarajiwa kulizoea lilivyo, na mwisho elimu jumuishi yenyewe, ambapo darasa ndilo linabadilishwa ili limfae. Mtoto wako alianza katika hali ya tatu. Aliandikishwa, akapewa kiti, akaachwa. Ulichokifanya wewe ni kumvusha hadi ya nne kwa sauti yako, kalamu nene na kuhamisha dawati. Asilimia kubwa ya ninayoyaona yakiitwa elimu jumuishi ni hiyo hali ya tatu iliyobandikwa jina la nne, na kamati inapaswa kuelezwa hivyo na mtu wa darasani.

Sasa mtoto. Mama yake ana nia njema, lakini jibu ni hapana, usiende naye ili "wamwone". Wamwone nini? Ukimsimamisha pale, kila macho yatahama kutoka kwenye hoja yako kwenda kwenye uso wake. Zaidi ya hayo, vikao vingi siku hizi hurekodiwa na kurushwa hewani, na video haizeeki. Ipo siku huyu mtoto atakuwa kijana anayetafuta kazi au mchumba, na mtu atalitafuta jina lake mtandaoni. Atakachokuta kiwe ni kitu alichokichagua yeye.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukisema jina la shule, darasa, mwaka na aina ya ulemavu, majirani wote wamekwishamjua. Njia iliyo salama ni kupunguza habari za mtoto na kuongeza habari za darasa. Kamati haina haja ya kujua umri wake kamili, chanzo cha tatizo lake, hali ya nyumbani kwao, wala alama zake za mtihani. Rudia ushuhuda ule wa pili niliouandika hapo juu uone: hatujui hata kama ni msichana au mvulana, na hoja haikupungukiwa. Hata hivyo mwonyeshe mama yake maandishi yako kabla ya siku yenyewe, na upate ridhaa yake kwa maandishi. Na mtoto muulize pia, kwa lugha ya umri wake: "Nataka kuwaambia viongozi jinsi tulivyobadilisha darasa letu ili watoto wengine nao wasaidiwe, unaonaje?" Akikataa, tafuta mfano mwingine au zungumzia mafunzo uliyokosa wewe. Jambo moja usilifanye kwa namna yoyote: usiunganishe watoto watatu ukatengeneza mmoja wa kubuni. Ukigundulika, na kazi ya wenzako wote waliosimama siku hiyo itatiliwa shaka.

Ikiwa mama anataka kusikika, na nadhani ndicho anachokitaka, basi aombe dakika zake mwenyewe. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ualimu wetu una historia nzito kwenye jambo hili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi za Ulaya na Marekani walikutana Milano, Italia, kuamua watoto viziwi wafundishwe vipi. Wajumbe walikuwa 164. Kiziwi miongoni mwao alikuwa mmoja. Wakapitisha maazimio kwamba watoto wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama iondolewe. Shule nyingi zilifuata. Walimu viziwi walipoteza kazi, watoto walikatazwa lugha ambayo wangeielewa bila shida, na athari zake zilipita vizazi. Ilikuwa 2010, Vancouver nchini Kanada, ndipo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipoyakataa maazimio yale hadharani na kueleza majuto. Wale wa Milano walikuwa walimu, tena wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wanawatetea watoto. Walichokosa ni watu wenye ulemavu wenyewe mezani.

Ndiyo maana nasema usiende peke yako. Mtafute mtu mzima mwenye uoni hafifu, kupitia chama cha watu wenye ulemavu, azungumze kabla yako au baada yako. Yeye ataeleza ilivyokuwa kukaa darasani bila kuona ubao. Wewe utaeleza ulichokifanya kama mwalimu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la kwanza si lako kulisema.

Na kwa hiyo nakuomba umsikilize vizuri rafiki yako wa shule ya viziwi kabla hujaingia ukumbini. Hasira yake ina msingi. Kwa mtoto kiziwi, shule si mahali pa masomo tu; mara nyingi ndiyo mahali pa kwanza anapokutana na watu wanaozungumza lugha yake. Ukimpeleka darasa la kawaida ambako hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama, yuko peke yake katikati ya watu 52. Mkataba wenyewe, katika ibara hiyo hiyo ya 24, unazitaka nchi ziwezeshe ujifunzaji wa lugha ya alama na ziajiri walimu wanaoijua lugha hiyo au nukta nundu (maandishi ya wasioona), wakiwemo walimu wenye ulemavu. Ni kweli pia kwamba mwelekeo wa mkataba ni kuondoka kwenye mifumo miwili iliyotengana. Lakini tazama Italia ilivyofanya: sheria ya mwaka 1977 ilipoondoa madarasa ya pekee, iliweka pia kwamba darasa lenye mtoto mwenye ulemavu lisizidi wanafunzi 20, na ikaleta walimu wa kusaidia. Wewe una 52. Mtu akitaka kufunga shule maalumu kwa kisingizio cha ujumuishi bila kuhamisha walimu wake, vifaa vyake na fedha zake, huyo anapunguza matumizi, na neno jumuishi amelikopa tu. Liseme hilo wazi mbele ya kamati: hukuja kuomba kitu chochote kifungwe. Hata sentensi moja inatosha, na rafiki yako akiisikia atajua uko upande wake.

Jiandae kwa swali gumu. Mjumbe aliyesoma anaweza kukuuliza: "Utafiti unasema nini, elimu jumuishi inasaidia kweli?" Usijibu kwamba imethibitishwa kila mahali, kwa sababu haikuthibitishwa hivyo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 na Campbell, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za masuala ya jamii, yalikuta kwamba kwa wastani kumweka mtoto mwenye mahitaji maalumu katika darasa la kawaida hakukuinua wala kushusha masomo yake au ustawi wake kwa kiasi kinachoonekana. Wapinzani hulitumia jibu hilo. Mimi nalisoma kama maelezo ya miezi yako ya mwanzo: kiti peke yake hakifundishi. Wastani huo unachanganya madarasa yaliyobadilishwa na yale ambayo mtoto aliingizwa tu, na ushuhuda wako unaonyesha mtoto yule yule katika hali zote mbili. Wakikuuliza kama wanafunzi wasio na ulemavu hawacheleweshwi, mapitio mbalimbali yanaelekea kuonyesha kwamba athari kwao ni ndogo sana au haipo. Halafu waambie ulichokiona mwenyewe, kama ulikiona: je, ulipoanza kusoma kwa sauti unachoandika, ni wangapi wengine walioacha kubaki nyuma? Katika darasa la watu 52, sitashangaa kama wale wa nyuma nao walipona.

Lipo ombi moja ambalo walimu wengi hulikimbilia, nami nakushauri ulifikirie mara mbili: "kila mtoto mwenye ulemavu apewe mwalimu msaidizi wake." Linasikika vizuri. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 uligundua jambo lililowashtua wengi: wanafunzi waliopata muda mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao wa aina yao waliopata kidogo. Sababu haikuwa uvivu wa wasaidizi. Msaidizi alikuwa anachukua nafasi ya mwalimu. Mtoto aliyehitaji mwalimu mahiri kuliko wote akawa anafundishwa na mtu asiyesomea ualimu, pembeni, huku mwalimu akiamini kwamba "huyo ana mtu wake". Wasaidizi wana kazi muhimu, na yapo mahitaji ya mwili yasiyowezekana bila wao. Lakini kwa hali unayoieleza, mwalimu mtaalamu wa kuzunguka anayekufundisha wewe atawafikia watoto wengi zaidi kuliko msaidizi anayekaa kando ya mtoto mmoja.

Ombi liwe moja. Litaje kwa kitendo, mhusika na muda: nani afanye nini, kufikia lini. Na lidai fungu, lisiridhike na kifungu cha sheria. Marekani ilipopitisha sheria yake ya elimu kwa watoto wenye ulemavu mwaka 1975, bunge liliweka lengo kwamba serikali ya shirikisho ichangie hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi. Haijawahi kufika huko hata mwaka mmoja. Haki ilipatikana, na hiyo ilikuwa hatua kubwa sana kwa mamilioni ya watoto. Malipo yaliachwa nyuma, na walimu wa nchi ile wanaendelea kwenda mbele ya kamati kulidai lile pengo.

Nimeliacha suala la kazi yako hadi hapa kwa sababu majibu yake yanategemea uliko, na sitaki kukupa ujasiri wa bure. Yapo mambo ya kusimamia. Pendekezo la kimataifa kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966 chini ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, linasema walimu wawe huru kutumia haki zote za kiraia walizonazo wananchi wengine, na kwamba kushiriki kwao katika maisha ya umma kuhimizwe. Ndiyo asili ya Siku ya Walimu Duniani. Ni pendekezo, si sheria inayombana mwajiri wako. Mahakama nazo zimeamua tofauti. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki mwalimu Marvin Pickering, aliyefukuzwa kwa kuandika gazetini akiikosoa bodi ya shule kwa namna ilivyogawa fedha. Mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Garcetti na Ceballos, ikasema kwamba mtumishi wa umma anayesema kama sehemu ya majukumu yake ya kazi hana kinga hiyo. Tofauti iliyo kati ya kesi hizo mbili ina faida hata kwako usiyeishi huko: unasema ukiwa nani?

Kwa hiyo, nenda katika muda wako, kwa ruhusa ya likizo kama ni siku ya kazi. Anza kwa kusema kwamba unazungumza kwa niaba yako mwenyewe, au ya chama chako, si ya shule. Usibebe nyaraka za shule, orodha ya wanafunzi wala taarifa za ndani. Usimtaje mwalimu mkuu, wala kwa fumbo. Mwombe katibu wa kamati akupe mwaliko wa maandishi wenye jina lako; mtu aliyeitwa na kamati ana nafasi tofauti na aliyejipeleka. Katika mabunge mengi yenye asili ya mfumo wa Uingereza, shahidi wa kamati hulindwa asishtakiwe kwa aliyoyasema ndani, ila kinga hiyo haikufuati nje ukirudia maneno yale kwa mwandishi wa habari aliyekusubiri mlangoni. Ukitoka, pita.

Na mwalimu mkuu mwambie mapema, kabla hajasikia kwa watu. Usiende kumwuliza kama unaweza. Nenda kumwonyesha utakachosema. Onyo lake linaweza kuwa tisho, lakini pia linaweza kuwa hofu ya mtu anayedhani utaisema shule vibaya. Akisoma na kuona kwamba unaomba walimu wa kuzunguka waje shuleni kwake, mara nyingi sauti hubadilika. Isipobadilika, una njia nyingine zenye heshima: chama cha walimu kinaweza kuwasilisha maelezo yako bila jina, au ukapeleka waraka wa maandishi tu. Waraka hauna uzito wa mtu aliyesimama, lakini unaingia kwenye kumbukumbu zile zile. Mwalimu aliyebaki kazini akiendelea kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni ana faida kwa watoto kuliko aliyefukuzwa, na hakuna mtu mwenye haki ya kukulaumu ukichagua njia hiyo.

Kulia? Lia ukilia. Nyamaza, vuta pumzi, endelea pale ulipoishia. Maandishi yawe ya herufi kubwa, kila wazo mstari wake, ili ujue pa kurudi. Swali usilolijua lijibu hivi: "Hilo sina uhakika nalo, nitawaletea kwa maandishi," kisha ulete kweli ndani ya muda waliokupa. Usibahatishe namba hata moja.

Yapo mambo ambayo ushauri wa kuandikiwa hauwezi kuyamaliza. Kama umekwisha kupata barua ya onyo, au mkataba wako una kifungu kinachokukataza kuzungumza na vyombo vya umma, kaa ana kwa ana na mwanasheria au ofisa wa chama chako kabla ya siku ya kikao, ukiwa na karatasi hizo mkononi. Kama katika kukumbuka yaliyotokea umegundua kwamba mtoto yeyote anapigwa, anafungiwa au anadhalilishwa, hilo si la ushuhuda wala la kusubiri kikao. Lipeleke leo kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto. Na huyu mtoto wako, hata mambo yakienda vizuri namna hii, bado anahitaji kuonwa na daktari wa macho na kupimwa na mtaalamu wa elimu maalumu. Kuumizwa na mwanga kama ulivyoeleza kuna sababu nyingi, baadhi hutibika na nyingine huzidi zikiachwa. Kama hajapimwa bado, zungumza na mama yake juu ya hilo wiki hii, kabla ya kikao.

Siku ya kikao chukua nakala za kutosha za ushuhuda wako, moja ya katibu ikiwa na jina lako na namna ya kukupata. Mwulize rasimu ya taarifa itatoka lini na maoni ya ziada yanapokelewa hadi tarehe gani. Ikitoka, tafuta sentensi yako. Isipokuwamo, mwandikie katibu siku hiyo hiyo, kwa adabu, ukiambatisha nakala ile ile.